Aliyekaa Chini ya Daraja Lake

Sitaandika alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Kwanza, mwenyewe hakupenda kuulizwa. Pili, kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa cha watu waliotoka kila upande, na tulishazoea kumjua mtu kwa mikono yake. Yeye tulimwita Injinia. Mkewe alimwita Injinia, na hata mbuzi wake nadhani walimjua kwa jina hilo.

Jina alilitoa Rudewa, kwenye shamba la mkonge. Kule kulikuwa na mashine kubwa ya kuchambua mkonge, watu waliiita korona, na korona iliposimama shamba zima lilisimama. Palikuwa na injinia wa Kizungu aliyepaswa kuitengeneza, lakini mara nyingi yuko safarini, au yuko na chupa yake. Basi huyu wetu, ambaye kazi yake ilikuwa kupaka grisi, akawa ndiye anayeingia chini ya mashine. Uhuru ulipokuja Mzungu akaondoka, na wafanyakazi wakaanza kumwita Injinia, nusu kwa heshima na nusu kwa utani. Utani uliisha, jina likabaki. Mwenyewe alikuwa akisema, "Uhuru uliwapa wengine ofisi. Mimi ulinipa jina, nami nimelitunza."

Na kweli alilitunza, wee! Ukimwita fundi anakuangalia kama umemtukana mama yake. "Fundi anatengeneza kilichopo," anasema. "Injinia anajibu." Anajibu nini, hasemi. Anavuta ugoro wake, anapiga chafya mbili, mazungumzo yamekwisha.

Mimi nilikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimeolewa juzi, nimepewa ubao mmoja na boksi la chaki, na wanafunzi wangu karibu wote walikuwa na umri wa wazazi wangu. Injinia alikuja siku ya kwanza kabisa. Alivaa koti la kaki lililokatika mfuko mmoja, na ule mzima umejaa vitu: timazi ya shaba, kipande cha penseli, pimamaji ya Mzungu yenye ufa kwenye kioo. Akaketi mbele. Ajabu yake ni kwamba alikuwa hajui kusoma hata herufi moja, lakini alijua kuchora. Alichukua chaki akanichorea ubaoni injini ya korona, kila kipande mahali pake, halafu akaniuliza hapo kati pameandikwa nini. Alikuwa amenakili maandishi ya kibao cha chuma, herufi kwa herufi, kama mtu anayechora majani. Nikamsomea: ni jina la mji wa Uingereza. Akacheka hadi machozi yakamtoka. "Miaka kumi na minne nalipaka grisi nikidhani ni onyo!"

Wanafunzi wengine walitaka kwanza kuandika majina yao. Yeye alitaka kuandika neno INJINIA. Hapo ndipo tulipogombana kwa mara ya kwanza. Nilikuwa kijana, nimetoka chuoni, kichwa kimejaa Kiswahili sanifu. Nikamwambia neno sahihi ni mhandisi, hata redioni wanasema hivyo sasa.

"Mhandisi ndiyo nani?"

"Ndiyo injinia, kwa Kiswahili."

"Na injinia ni lugha gani?"

"Ya Kizungu."

"Limetoka wapi huko Uzunguni?"

Nikakwama. Darasa zima likacheka, na mimi nikaona haya mpaka shingoni.

Mwingine angeliacha hapo. Yeye alilibeba swali lile kama mtu aliyepoteza nati na anajua iko karibu. Siku za gulio alikuwa anakwenda Kilosa mjini, na huko akaanza kuuliza watu. Shehe mmoja akamweleza kwamba mhandisi ni neno lenye asili ya Kiarabu, na huko kwao linahusu kupima: pembe, urefu, kina. Injinia akarudi ameridhika. "Afadhali. Kupima nakujua." Wiki nyingine akaenda misheni. Padri akamwambia neno la Kizungu limetoka katika Kilatini, lugha ya zamani ambayo kanisa lao lilikuwa likisalia, na lilimaanisha akili mtu anayozaliwa nayo, werevu wa kubuni. Hilo nalo akalipenda mno, akatembea nalo kifua mbele. Lakini Padri, kwa kuwa alikuwa mtu mkweli, akaongeza kwamba zamani hizo waliopewa jina hilo walikuwa wanaunda mitambo ya vita, ya kubomolea kuta za miji ya watu.

Lo! Alirudi siku hiyo amenuna. Hakuvuta hata ugoro. "Mwalimu," akasema, "kumbe nimejiita mvunja kuta."

Mzee mmoja wa reli ndiye aliyemfariji, kwa kumwambia asihangaike, injinia ni mtu wa injini, basi. Darasani akatutolea hesabu yake yote akiwa amesimama. "Shehe ananiambia kupima. Padri ananiambia akili. Wa reli ananiambia mashine. Wote wasomi, na wote wameniambia mwanzo wa neno. Hakuna aliyeniambia kitu kikivunjika anaitwa nani. Mgiriki wetu, mwenye shamba la mkonge, ambaye hata kusalimia hakujua, yeye alijua. Korona ikikatika alipiga kelele: mwiteni injinia! Hiyo ndiyo maana yake. Ni yule anayeitwa."

Nilimwandikia INJINIA ubaoni kwa herufi kubwa.

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa na kiburi, tena cha kuudhi. Nyumba yake mwenyewe ilivuja, na mlango wake uliegemezwa kwa gogo mwaka mzima, kwa sababu kazi ya mlango ilikuwa ya mafundi. Maji aliyaogopa, hakujua kuogelea, na alivuka mto ameshika mkia wa ng'ombe. Mtu akikohoa wakati anapima, anaanza upya. Na salamu zilimshinda. Si kwamba hakuwa na adabu. Ukimpa shikamoo alikuitikia vizuri. Lakini akishashika kamba yake ya kupimia, ile yenye mafundo, haoni mtu. Alikuwa anapita katikati ya wazee kama anapita katikati ya vichuguu. Mkewe alimwambia siku zote, "Baba, kamba hiyo itakutia aibu." Tulilichukua kuwa jambo la kuchekesha.

Halafu kulikuwa na ile desturi yake. Akimaliza kitu chochote cha kubeba uzito, kivuko, dari, jukwaa la tangi, anakwenda kukaa chini yake wakati mzigo wa kwanza unapita juu. Anachukua kigoda chake, anageuza mgongo, anatoa ugoro. Nilimuuliza kwa nini. Akaniambia, "Wazungu waliweka saini kwenye karatasi. Mimi wakati huo sijui kuandika. Nikaweka mwili." Nikamwambia sasa anajua kuandika. "Mkono umejifunza," akasema. "Mwili bado haujasahau."

Sasa nije kwenye daraja.

Kijiji chetu kilikuwa ng'ambo ya korongo. Zahanati na barabara ya Kilosa vilikuwa upande wa pili. Kiangazi korongo lile ni mchanga mtupu, unavuka na viatu mkononi. Masika ni habari nyingine. Mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano, akasema serikali imetuhimiza kujitegemea, na sisi tuna injinia wetu. Watu wakapiga makofi. Zilipatikana reli za troli kutoka kwenye shamba la mkonge, zile nyembamba za kubebea majani, tukazibeba kwa mabega, wanaume kwa wanawake, mimi nikiwa mmojawapo. Injinia akauliza mkutanoni, "Maji yanafika wapi masika?" Tukajibu kwa sauti moja: hayafiki juu ya ukingo. Tulikuwa tumehamia pale masika mawili tu, na yote mawili mvua zilikuwa haba. Tulijibu kama wenyeji. Nani angesimama mbele ya watu aseme, mimi hapa ni mgeni, sijui?

Mwenyeji alikuwa mmoja. Bibi kizee, mjane, aliyekuwa na shamba pale kando ya korongo tangu kabla hatujaletwa. Nusu ya shamba lake iligawanywa kuwa viwanja vyetu. Siku Injinia alipokwenda kupima ukingo, alipita katikati ya mtama wa huyo bibi na kamba yake. Bibi alikuwa amesimama na jembe mkononi, umri wa mama yake. Hakubisha hodi. Hakumpa shikamoo. Akamwambia tu, "Sogea kidogo, kamba ipite."

Bibi akasogea.

Daraja likaisha kabla ya masika. Lilikuwa zuri, jamani. Mkokoteni wa ng'ombe uliojaa magunia ya mahindi ukavuka, na chini yake Injinia ameketi juu ya kigoda mchangani, mgongo ameupa mzigo, anapiga chafya. Tuliimba. Mimi nilikuwa na mimba ya kwanza, miezi sita. Nilisema kwa sauti, wote wanasikia, "Mwanangu atazaliwa zahanati, ahsante kwa Injinia!" Akanivulia kofia.

Masika yale yalikuja vingine. Ilinyesha juu milimani siku tatu, kwetu jua linawaka. Asubuhi ya nne uchungu ukanishika. Mume wangu na vijana wanne wakanibeba kwenye kitanda cha kamba mpaka korongoni. Waliotutangulia pale ukingoni wakatupisha tuone. Maji yalikuwa mekundu, yamepanda juu ya ukingo, yanabeba magogo mazima, na magogo yalikuwa yamelipiga daraja mpaka likang'oka. Reli moja ilibaki upande wetu, imepinda. Wakanizungusha njia ndefu ya kwenda kwenye daraja la treni. Hatukufika. Nilijifungulia njiani, juu ya majani, mchana kweupe. Alikuwa mtoto wa kiume. Alilia mara moja tu, hakulia tena.

Wanawake walikuja kunipa pole, wakajaa chumbani kwenye mikeka. Siku ya pili akaingia yule bibi. Hakukaa. Akasema mbele ya wote, "Mwanangu, mimi nilijua. Miaka ya mvua nyingi maji yanafika kwenye jiwe langu, kimo cha mtu juu ya pale alipojenga. Nilimwona anachimba. Angenisalimia ningemwambia. Nikasema moyoni, mwache, si injinia huyo, anajua. Nilikuwa na hasira ya shamba langu. Sikufikiria mtoto wa mtu." Akaketi chini pale pale mlangoni akalia, na sisi tukalia naye.

Alasiri ya siku hiyo hiyo Injinia akaja. Wanaume walikaa nje, lakini yeye alikuja mpaka kwenye mlango wa chumba cha wanawake, kofia mkononi. Hakusema habari za mvua. Hakusema kazi ya Mungu. Hakumtaja bibi wala mkutano wetu, ambako sote tulimdanganya. Alisema, "Mwalimu, ni mimi."

Niligeukia ukutani. Nilimchukia, na siogopi kulisema. Nilikichukia kigoda chake na ugoro wake na chafya zake. Kisha nikazisikia hatua zake zikiondoka.

Tangu siku hiyo akalikataa jina. Alikwenda kwa Mwenyekiti akamwambia, kuanzia leo mimi ni fundi. Watu walidhani ni maneno ya majonzi, yatapita. Hayakupita. Mtu akimwambia, "Shikamoo, Injinia," anapita kimya. Nyote mnajua kwetu kuacha shikamoo ya mtu ikining'inia ni jambo gani. Watoto walikuwa wanakimbilia mama zao na kusema yule babu kaninyima marahaba. Lakini ukisema, "Shikamoo, fundi," anaitikia upesi, tena kwa unyenyekevu. Katika wiki chache kijiji kizima kikajifunza.

Mimi sikumwita lolote. Nikikutana naye nilisema shikamoo kavu, bila jina, naye anaitikia, "Marahaba, Mwalimu," macho chini. Darasani hakurudi tena. INJINIA aliyoiandika mwenyewe kwenye daftari lake niliikuta siku moja nilipopanga kabati. Sikuitupa wala sikumpelekea.

Daraja la pili alilianza kiangazi kilichofuata bila kuombwa. Lakini kabla ya kushika kamba alikwenda kwa bibi. Alibisha hodi nje ya shamba, akasimama hapo mpaka akaribishwe, akatoa shikamoo akiwa amevua kofia. Bibi akamwitikia, akampa sinia la mahindi ayapukuchue. Siku hiyo hawakuzungumza habari za maji. Siku ya pili hivyo hivyo. Watu walikuwa wanapita wanamwona, mwanaume mzima wa mashine, amekaa anapukuchua mahindi ya kikongwe. Siku ya tatu bibi akainuka, akamwongoza mpaka kwenye jiwe, akamwonyesha kwa mpini wa jembe. Akapima hapo. Halafu akauliza kama kuna mwingine mkubwa zaidi anayekumbuka. Bibi akamtajia mzee mmoja kule Kisanga, naye akatembea kwa miguu kwenda kumpa shikamoo.

Lilipoisha, tulingoja tuone kama atakaa chini yake. Hakukaa. Mwenyekiti akamuuliza, akajibu, "Kukaa chini ya daraja siku ya jua, hata mbuzi anaweza." Badala yake alijenga kibanda cha nyasi ukingoni, akahamia humo masika yote, mtu anayeogopa maji kuliko sisi sote. Alichomeka mti wenye alama, na kila maji yalipopanda alikata alama. Nilivuka daraja hilo nikiwa na mimba ya pili, nikienda kliniki. Alisimama nje ya kibanda, akavua kofia mpaka nimefika upande wa pili. Binti yangu alizaliwa zahanati. Hakuja kumwona. Nilishukuru kwamba hakuja, na baadaye nikajisikia vibaya kwamba nilishukuru.

Kisha akaondoka. Mkewe alifariki, na binti yake aliyeolewa Mikumi akaja kumchukua.

Ilipita miaka, nami nikahamishiwa shule ya msingi. Ilikuwa kile kipindi cha baada ya vita, sabuni na sukari ni foleni, nilipoitwa kwenye semina ya walimu Mikumi. Semina iliisha mapema, nikaulizia nyumba ya yule binti yake. Nikaelekezwa nyuma ya maduka ya barabara kuu, ambako malori ya Zambia yanapita.

Alikuwa barazani, juu ya kigoda kile kile. Macho yalikuwa meupe, mtoto wa jicho kayafunika yote mawili. Nikasema shikamoo. Akaitikia, akainamisha kichwa. Lori likapita. "Hilo beringi ya nyuma imekwisha," akasema. "Halifiki Iringa." Kisha: "Wewe ni Mwalimu."

Nikaketi. Tukasikiliza malori. Yeye ndiye aliyeanza.

"Daraja?"

"Lipo."

"Mwaka huu maji yalifika wapi?"

Nilikuwa nimepima. Sijui kwa nini, lakini asubuhi ya safari nilishuka korongoni nikapima kwa mkono wangu, kutoka kwenye ubao mpaka kwenye tope lililokauka kwenye nguzo. "Viganja vinne chini ya ubao."

"Viganja vyako au vyangu?"

"Vyangu."

Akatabasamu kidogo. "Basi ni vitatu. Bibi alisema hayatapita vitatu."

"Bibi alifariki mwaka juzi."

"Nilisikia. Niliomba binti yangu anipeleke, basi likaharibika." Alitoa kikopo cha ugoro, hakukifungua, akakirudisha mfukoni. Kisha akasema taratibu, kama mtu anayesoma kipimo, "Angekuwa darasa la sita sasa. Mwakani la saba, mtihani."

Sikuwa nimelitamka hilo mbele ya mtu yeyote, hata mume wangu. Kila Januari nilikuwa nahesabu mwenyewe, kimyakimya, nikiandikisha watoto wa watu. Nilidhani ninahesabu peke yangu. Machozi yalinitoka, na nilifurahi kwamba haoni, ingawa nadhani alisikia. Miaka yote hiyo nilikuwa nimekasirikia mtu ambaye kila mwaka alikuwa anampandisha mwanangu darasa.

Jua likaanza kushuka, na gari la kurudi Kilosa lilikuwa halingoji. Nikasimama. Nilikuwa nimeshamsalimia nilipoingia, na salamu haitolewi mara mbili kwa siku moja kwa mtu yule yule. Nilijua. Nilipiga goti mbele ya kile kigoda hata hivyo.

"Shikamoo, Injinia."

Mikono yake ilitulia mapajani. Lori likapita, na la pili, na hakusema lolote juu ya beringi zao. Binti yake alichungulia kutoka ndani, akatuona, akarudi. Nilibaki chini, magoti yananiuma, na nikaamua kwamba sitanyanyuka.

"Marahaba, Mwalimu," akasema mwishowe. "Nimekusikia."

Akanyoosha mkono gizani mwake mpaka akaupata wangu, akanisaidia kunyanyuka.